Uzoefu wangu: mbizi ya Krismasi Stoney Cove, na chakula cha klabu baadaye

Mimi nimejifunza kuzamia Nungwi, kwenye maji ya nyuzi 28, na kisuti chepesi cha mikono mifupi. Klabu yetu ya hapa Leicester, Uingereza, ilipotangaza mbizi ya Krismasi, nilisita wiki mbili nzima kabla ya kulipa. Sasa nimeshaenda, na mwakani naomba jina langu liandikwe mapema.

Stoney Cove ni machimbo ya zamani ya mawe. Uchimbaji ulikoma mwaka 1958, chemchemi zikalijaza shimo maji, na leo kina chake kinafika kama mita 35. Tulifika saa tatu asubuhi, vioo vya magari bado vina barafu. Kilichonipendeza kabla hata ya kulowa ni namna kiongozi wa mbizi alivyotupanga: alimwita kila mtu pembeni, akamuuliza ameshazamia maji ya baridi mara ngapi, sisi wageni wa baridi tukapewa wenza wazoefu. Akatukataza kabisa kuvuta hewa ya mtungi tukiwa bado nchi kavu. Hewa inapotoka kwenye mgandamizo mkubwa hupoa vibaya sana, unyevu wa pumzi yako unaganda ndani ya regyuleta (kifaa cha kupumulia kinachoshikwa mdomoni), vali inakwama wazi na hewa inamwagika yote. Nungwi jambo hilo halinijii hata akilini.

Suti kavu, yaani isiyoingiza maji kabisa, ni lazima, na isiwe siku yako ya kwanza kuivaa. Klabu ilinifundisha Oktoba, na nashukuru, maana ukishuka bila kuijaza hewa kidogokidogo inakufinya kwenye mikunjo hadi unabaki na alama.

Baridi ilinishika usoni tu. Midomo iliwaka kama nimepakwa pilipili, kisha ikafa ganzi. Kompyuta ya kuzamia niliyovaa mkononi ilisoma nyuzi 7. Tulishuka taratibu kwenye maji ya kijani, na karibu na mita 20 mwenzangu akaelekeza tochi mbele: ubavu wa chuma ukatokea gizani, kisha bomba la moshi. Ni Stanegarth, tagi ya mvuke (meli ndogo ya kuvuta meli nyingine) iliyoundwa mwaka 1910 na kuzamishwa hapo makusudi mwaka 2000 kwa ajili ya wazamiaji. Kwenye sitaha mmoja wetu alikuwa amepiga magoti na kofia nyekundu ya Krismasi, akimpa mkono kila anayepita. Nilicheka hadi maji yakaingia kwenye miwani.

Lalamiko langu ni glovu za kuazima. Ya kushoto ilikuwa na tundu, na dakika ya 15 vidole havikuweza kubonyeza kitufe cha hewa. Nikampa mwenzangu ishara. Hakuuliza mara mbili, tukageuka palepale, akanishika mkono hadi juu. Hapo nilimuamini kabisa. Lakini klabu ikague vifaa vyake kabla ya kuviazimisha. Maji ya nyuzi 7 si ya kubahatisha.

Chakula kilikuwa kwenye baa ya kijijini, watu kama thelathini, nywele bado mbichi. Supu ya mboga ya moto ilikuja kwanza, na naapa sijawahi kunywa supu tamu kama ile. Bata mzinga sikumla, kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema kuhusu halali. Nililetewa pai ya uyoga, nzuri, ila kuuliza tu kungetosha. Mzee mmoja aliyeanza kuzamia pale miaka ya sabini alikaa karibu nami saa nzima, akinieleza palivyokuwa enzi wanafunzi wa kazi za mafuta ya Bahari ya Kaskazini walipokuwa wakifunzwa humo. Naye akataka nimsimulie kisiwa cha Mnemba huko Zanzibar, kasa mmoja baada ya mwingine.

Ukienda, beba soksi mbili za sufu, chupa ya chai ya tangawizi na taulo la ziada la kichwa. Glovu mimi nimeshanunua zangu.