Dawa za presha: amlodipini, losatani na kaptoprili tulivyoziona kwa wazee wetu

Wadau wenye wazazi wa presha hebu tuongee dawa, maana huku Mbeya ukizunguka maduka ya dawa pale Mwanjelwa kila mtu anakwambia yake ndo nzuri.

Amlodipini ni kidonge kimoja tu kwa siku, miligramu 5 au 10, bei nafuu na hata Tukuyu unaipata bila kuhangaika. Inalegeza mishipa damu ipite vizuri. Mama anatumia hii na presha ilitulia, ila alipopandishiwa hadi 10 miguu ikaanza kumvimba kwenye vifundo, ikifika jioni viatu havimuingii. Ni tabia ya dawa yenyewe, ukiongeza dozi na uvimbe unaongezeka, kwahiyo daktari akamrudisha kwenye 5 akamuongezea losatani 50 na uvimbe ukapungua. Mchanganyiko huu mi naupa maksi za juu kabisa.

Kaptoprili sasa. Kushusha inashusha, lakini unameza mara mbili hadi tatu kwa siku, mzee gani yuko shambani atakumbuka ya mchana? Halafu kikohozi jamani! Baba mdogo yuko Rungwe, kule mvua na baridi, akawa anakohoa kikavu usiku kucha, watu wote tukajua ni baridi, dawa za kikohozi zikanywewa chupa kwa chupa, TB akapimwa hana, mpaka kliniki walipoangalia kadi yake wakamtoa kwenye kaptoprili wakampa losatani na kikohozi kikaisha taratibu. Enalaprili nayo ni dawa ya presha ya ukoo huohuo, kikohozi inaweza kuleta vilevile.

Vile vidonge vya kukojoa ni rahisi na sisi watu weusi vinatusaidia sana, ila vinywewe asubuhi, la sivyo usiku mzima ni chooni. Mwenye pumu akiandikiwa atenololi, nayo dawa ya presha, aseme mapema maana inaweza kumbana kifua. Wajawazito losatani na kaptoprili hapana kabisa, zinadhuru mtoto, wao wengi wanapewa Aldomet (methyldopa), dawa nyingine ya presha.

Kitu kinaniumiza zaidi ni diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Watu wetu wanalima viazi, mgongo unauma, wananunua hizo kila siku bila kuuliza, kumbe zinapandisha presha na kuipunguzia nguvu losatani, mwisho mtu anaongezewa dawa bure. Mkimpeleka mzee kliniki bebeni pakiti zote anazomeza, na hizo za mgongo pia, mumuulize daktari hapohapo kabla mzee hajabadilishiwa chochote.