Miezi tisa nikichorea kwenye darasa la zamani, Mji wa Kale

Tangu Januari nimekodi darasa moja katika jengo la shule kongwe hapa Mji wa Kale, Mombasa, lililogeuzwa studio za wasanii. Kodi ni shilingi 7,000 kwa mwezi pamoja na maji. Tokeni za umeme unajinunulia. Kabla ya hapo nilikuwa nachorea sebuleni, watoto wakipita wanagusa rangi mbichi.

Kilichonifurahisha zaidi ni mwanga. Niko ghorofani, na madirisha yangu mawili yanatazama kusini. Huku kwetu jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini, basi miezi hiyo mwanga unaoingia ni mtulivu tangu asubuhi hadi alasiri, na upepo wa kusi unapuliza ndani. Januari jua lilipiga hadi mezani, nikatundika shuka jeupe. Ubao wa darasa hawakuung'oa, nawashukuru mno. Kila picha naianza pale kwa chaki, kwa ukubwa wake kamili. Chini ya ubao kimebaki kibao cha kuwekea chaki, kimelainika kwa vidole vya wanafunzi wa miaka mingi.

Kasoro ilikuwa plasta. Kuta ni za matumbawe na chokaa, unene wake unapita dhiraa, lakini waliokarabati walizipaka saruji. Mvua za Mei zilipokolea, chumvi ilitoka ukutani, plasta ikabambuka, na karatasi zangu kumi na mbili za rangi za maji zikashika kuvu. Niliumia sana. Nililalamika mara tatu ndipo msimamizi akaleta fundi, mzee wa hapa hapa. Alibandua kipande kwa patasi, akanigeuzia upande wa ndani: umelowa chepechepe.

"Mwanangu, jiwe hili lanyonya maji, na maji yataka pa kutokea. Chokaa yayaachia. Saruji yayafungia ndani."

Walipaka chokaa upya. Nilikaa wiki mbili bila chumba, nikapunguziwa kodi, na tangu hapo ukuta ni mkavu.

Majirani zangu ni dada anayedarizi kofia na mchonga milango ambaye nyundo yake huanza saa moja asubuhi. Ukitaka utulivu, omba chumba cha mwisho wa baraza. Vya chini bado vina saruji, kwa hiyo weka kiganja ukutani kabla hujalipa amana.