Likizo ya majira ya baridi: vifaa vya kulinda nyumba, kipi kinafaa na kipi kinakwama kwenye baridi

Karibuni watazamaji. Mezani leo kuna vifaa vitano ambavyo watu hununua wanapotaka kuiacha nyumba wiki mbili tatu wakati wa baridi: kamera ya betri, taima ya taa, kihisi cha mlango, kitasa cha kielektroniki na kihisi cha maji. Na hii pakiti ndogo ya skrubu hapa pembeni nayo imo, tena ndiyo tunayoanza nayo.

Chukua bisibisi, nenda mlango wa mbele, tazama lile bamba la chuma kwenye fremu, pale ulimi wa kitasa unapoingia. Fungua skrubu moja. Mara nyingi utakuta kitu kama hiki, nakisogeza karibu muone. Hata sentimita mbili haifiki. Inashika mbao ya fremu peke yake, nayo ni nyembamba. Mlango ukipigwa teke, kitasa kinabaki kizima. Fremu ndiyo inayopasuka, na bamba linang'oka na vibanzi vyake. Sasa linganisha na hii ya milimita 75. Inapenya fremu, inavuka uwazi ulioko nyuma yake, na kwenda kushika nguzo ya mbao ya ukuta wenyewe. Tangulia kutoboa kwa biti ya milimita 3 ili mbao isipasuke, kisha malizia kukaza kwa mkono. Ukikaza kupita kiasi, fremu inavutika na mlango unakataa kufunga. Kwenye bawaba nako, badilisha angalau skrubu moja kila bawaba. Kwa ukuta wa tofali, skrubu hizi hazina pa kushika. Huko tumia boliti za kupanuka, zile zinazojitanua ndani ya tofali. Kwa kazi isiyozidi nusu saa, hakuna kitu mezani hapa kinachoipita pakiti hii.

Tuje kwenye kamera, maana ndiyo inayonunuliwa zaidi na ndiyo yenye mitego mingi.

Kwenye boksi unasoma kwamba inafanya kazi hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Ni kweli, lakini hiyo ni kutumia chaji, si kuingiza chaji. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya sifuri, lithiamu hujikusanya kama utando wa chuma ndani yake na betri huharibika. Kwa hiyo kamera zilizotengenezwa vizuri hukataa chaji hadi joto lipande. Hapo ndipo paneli ya sola inapomwangusha mtu: jua lipo, waya umeunganishwa, na asilimia zinashuka tu kila siku. Isitoshe, usiku ni mrefu, na taa za infraredi, zile zisizoonekana kwa macho ambazo kamera hutumia kuona gizani, zinakula betri kila klipu inaporekodiwa. Miezi sita iliyoandikwa kwenye boksi ni hesabu ya matukio machache kwa siku na hali ya hewa ya wastani.

Cha kufanya ni kuichaji ndani ya nyumba hadi ijae, siku ya mwisho kabla ya kuondoka. Fupisha klipu ziwe sekunde 10 hadi 15. Kwenye programu, futa barabara na matawi ya miti kutoka eneo la kuhisi. Kama unaweza kuvuta waya wa umeme, chukua toleo la waya na usisumbuke na mengine.

Mahali pa kuifunga: kimo cha mita mbili na nusu hivi, chini ya ukingo wa paa ili theluji inayoanguka isipite mbele ya lenzi. Usiku chembe za theluji zilizo karibu hurudisha mwanga wa infraredi, na unachoambulia ni picha nyeupe tupu. Iangalie njia kutoka ubavuni, kwa sababu kihisi cha joto la mwili kinamnasa mtu anayekatiza mbele yake upesi zaidi kuliko anayekijia moja kwa moja. Na tafadhali usiiweke ndani ikitazama nje kupitia dirisha. Kioo kinazuia joto la mwili lisifike kwenye kihisi, na usiku taa za kamera zinajigonga kwenye kioo na kurudi.

Angalia pia video zinakaa wapi. Kama ni kwenye kadi iliyomo ndani ya kamera tu, anayeing'oa kamera anaondoka na ushahidi wake. Tunapendelea ile yenye kituo chake ndani ya nyumba, au inayotuma video nje papo hapo kwa intaneti. Badilisha nenosiri la kiwandani, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

Taima ya taa. Hii ya kuzungusha ina vijino 96, kila kimoja dakika 15. Ni imara, lakini umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, saa yake nayo inachelewa kwa saa tatu. Kuanzia hapo taa ya sebuleni inawaka usiku wakati majirani wamelala, na hakuna wa kuirekebisha. Hii ya kidijitali ina betri ndogo inayotunza saa, na ina hali ya kubahatisha inayosogeza muda wa kuwaka mbele au nyuma kila siku. Nunua hii, na ununue mbili. Ya sebuleni iwake kabla giza halijaingia na kuzima saa nne usiku; ya chumbani iwake saa nne kasoro robo na kuzima saa tano. Muda huo mdogo wa kupishana ndio unaofanana na mtu anayeelekea kulala. Chomekea taa za LED tu, usichomeke hita.

Kihisi cha mlango hakina mambo mengi. Sumaku na kihisi visiachane zaidi ya kiasi kilichoandikwa, kwa kawaida kati ya milimita 10 na 20. Mbao husinyaa hewa ya ndani inapokauka kwa ajili ya hita, nafasi inaongezeka, na king'ora kinalia bila mwizi. Gundi yake nayo haishiki vizuri chini ya nyuzi 10: pasha joto, futa kwa spiriti, bana sekunde 30.

Kitasa cha kielektroniki kisicho na tundu la ufunguo, tunashauri ukiache. Betri za alkalini hulegea kwenye baridi. Za AA za lithiamu zinastahimili vizuri, ila voltu zake hazishuki hadi karibu na mwisho, kwa hiyo kipimo kitakuonyesha zimejaa na kesho yake zimekwisha. Baadhi ya watengenezaji wanazikataza kwa sababu hiyo, soma mwongozo.

Kihisi cha maji chagua chenye kupima joto pia, na ukiweke chini ya sinki lililo kwenye ukuta wa nje. Weka arifa kwenye nyuzi 8, na hita isishuke chini ya 13. Lakini arifa haifungi maji. Funga koki kuu, kisha fungua bomba ili shinikizo litoke. Kama hita yako inatumia maji, muulize fundi kwanza. Baadhi zinahitaji kujazwa wakati wote.

Wiki moja kabla ya safari, fanya jaribio hili. Zima swichi kuu ya umeme kwa saa moja, kisha iwashe. Ruta imerudi yenyewe? Kamera imejiunga tena na waifai, ile ya gigahezi 2.4 ambayo nyingi zinaitegemea? Taima inasoma saa sahihi? Simu yako, ikiwa kwenye data na si kwenye waifai ya nyumbani, imepata arifa mlango ulipofunguliwa? Kilichogoma, kiwekee UPS ndogo, yaani betri inayoshikilia umeme ukikatika, pamoja na ruta. Kikigoma tena, kirudishe dukani, na jirani mwenye ufunguo apite kila baada ya siku mbili, akanyage theluji mlangoni na kuondoa barua.