Zepbound na mashine ya CPAP: tathmini ya kipindi cha kulinda uzito, si cha kuupunguza

Tarehe 20 Desemba 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha sindano ya Zepbound, dawa ya kupunguza uzito, kuwa tiba ya ugonjwa wa kukatika kwa pumzi usingizini, kwa watu wazima wenye unene wa kupindukia ambao ugonjwa wao ni wa daraja la kati au kali. Ilikuwa dawa ya kwanza kupewa ruhusa hiyo, na tangu hapo wengi wetu tunaolala na barakoa usoni tumekuwa tukiulizana kama sasa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kooni ili njia ya pumzi isizibe usiku, inaweza kuwekwa kabatini. Mimi naishi Columbus, Ohio, natumia dawa hiyo pamoja na mashine ya ResMed AirSense 11, na uzito wangu umekwisha kutulia. Kwa hiyo tathmini hii haihusu namna kilo zinavyoshuka, jambo ambalo limeandikwa hadi likachosha, bali inahusu kipindi kinachofuata, ambapo mizani haisogei tena na mgonjwa anatakiwa kuamua aendelee na nini, kwa dozi gani, na kwa gharama ya nani. Msimamo wangu niuseme mapema: dawa ni nzuri, mashine ni nzuri zaidi, na wanaovilinganisha vitu hivi viwili kana kwamba kimoja kimekuja kukifuta kingine wanawapotosha wagonjwa.

Nianze na dawa. Kiini chake ni tirzepatide, kilekile kilichomo kwenye Mounjaro ya wagonjwa wa kisukari, nacho huchomwa mara moja kwa wiki chini ya ngozi ya tumbo au paja. Anayeanza hupewa miligramu 2.5 kwa wiki nne, kisha 5, na baada ya hapo daktari huongeza 2.5 kila awamu, awamu moja ikichukua wiki nne au zaidi. Kwa ugonjwa huu wa usingizi dozi ya kudumu inayopendekezwa ni miligramu 10 au 15. Kalamu yake imebuniwa kwa akili. Unatoa kifuniko cha kijivu cha chini, unaikandamiza kwenye ngozi, unazungusha pete ili kuifungua, kisha unabonyeza kitufe cha zambarau na kukishikilia. Mlio wa kwanza husikika papo hapo, na wa pili husikika ndani ya sekunde 10, ndipo unapojua kwamba dawa yote imeingia. Sindano yenyewe huioni, na kwa sisi tuliokimbia chanjo shuleni hilo si jambo dogo. Upungufu wake ni kwamba kila kalamu ni ya dozi moja tu, hivyo baada ya mwezi unakuwa na rundo la plastiki ambalo halitupwi ovyo kwenye pipa la taka za nyumbani.

Jaribio lililoipatia dawa ruhusa, SURMOUNT-OSA, lilichapishwa mwaka 2024 na lilihusisha watu 469 katika makundi mawili, wasiotumia mashine na wanaoitumia. Kipimo kikuu kilikuwa AHI, yaani idadi ya mara ambazo pumzi hukatika au kufifia kwa kila saa ya usingizi, na washiriki walianza wakiwa na wastani wa karibu 50. Baada ya wiki 52, waliochomwa tirzepatide walipunguza wastani wa mara 25 kwa saa katika kundi la kwanza na 29 katika kundi la pili, ilhali waliochomwa sindano bandia, yaani isiyo na dawa, walipunguza kama 5 tu. Ni matokeo makubwa, na sioni sababu ya kuyabeza. Hata hivyo msomaji na afanye hesabu mwenyewe: ukitoa 25 au 29 kwenye 50 unabakiwa na zaidi ya 20, na madaktari huhesabu 15 hadi 30 kuwa ugonjwa wa daraja la kati. Waliofikia hali ambayo huenda daktari asingewaandikia mashine walikuwa kati ya asilimia 42 na 50. Kwa maneno mengine, kati ya watu wawili waliopungua vizuri, mmoja bado alikuwa na ugonjwa wa kutibiwa, na matangazo ya televisheni hayakawii kwenye sentensi hiyo.

Sababu inaeleweka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba mgonjwa anapopungua, nafuu ya usingizi hutokana hasa na kupungua kwa mafuta yaliyo ndani ya ulimi, kiungo ambacho wengi hatukujua kwamba nacho hunenepa. Lakini koo jembamba, taya lililorudi nyuma na ulegevu wa misuli ya koo wakati wa usingizi si mafuta, na hakuna sindano ya kila wiki inayovirekebisha. Ndiyo maana wapo watu wembamba kama fito ambao hukoroma na kukatika pumzi usiku kucha.

Sasa mashine. AirSense 11 husukuma hewa kwa shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji, na ikiwekwa kwenye hali ya kujirekebisha hupandisha na kushusha shinikizo yenyewe kulingana na inavyohisi njia ya hewa. Kwa mtu ambaye mwili wake unabadilika, hali hii ndiyo inayostahili kulipiwa, kwa sababu mashine ya shinikizo moja lisilobadilika huendelea kukusukumia hewa ya mtu uliyekuwa mwaka jana. Mota yake ni tulivu kiasi kwamba anayelala pembeni husikia zaidi hewa inayovuja kwenye barakoa kuliko mashine yenyewe. Mrija wenye joto huzuia matone ya maji kukudondokea puani wakati wa baridi kali ya Januari, na kioo chake ni rahisi kukitumia hata ukiwa na usingizi.

Ninachokilalamikia ni programu yake ya simu, myAir, ambayo kila asubuhi hukupa alama kati ya 0 na 100. Alama 70 hutolewa kwa saa ulizoitumia mashine, 20 kwa barakoa kukaa bila kuvuja, 5 kwa kutoivua mara kwa mara, na 5 zilizobaki ndizo zinazohusu pumzi kukatika. Mtu anaweza basi kupata 95 huku jambo lililompeleka hospitali likiwa ndilo lililomkosesha hizo tano. Baya zaidi ni namna namba ya AHI ya kwenye programu inavyosomwa. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja aliyepungua, akaona AHI yake ni 1 au 2, akatangaza kwamba amepona. Namba hiyo inaonyesha unavyopumua mashine ikiwa inafanya kazi. Haisemi lolote kuhusu utakavyopumua ukiizima. Ningependa maneno hayo yaandikwe kwa herufi kubwa chini ya kila namba.

Kuhusu barakoa, yeyote anayeanza dawa ajiandae kubadilisha saizi. Uso hupungua kabla hujaona tofauti kwenye mkanda wa suruali, hasa kwenye mashavu na pembeni mwa pua, na mto wa silikoni uliokuwa ukikaa vizuri huanza kuvuja kuelekea machoni. Wengi hukaza kamba, na asubuhi huamka na alama nyekundu juu ya pua huku uvujaji uko palepale, kwa kuwa tatizo ni umbo la mto na si ulegevu wa kamba. Kampuni iliyokuwa ikiniletea vifaa iliendelea kutuma saizi ya zamani kila msimu kana kwamba haijaniuliza kitu, hadi daktari alipoandika upya. Barakoa ndogo za kuingia puani tu huvumilia mabadiliko ya uso kuliko zile zinazofunika pua na mdomo, nami ndizo ninazozipendekeza kwa mwaka wa kwanza wa dawa, isipokuwa kwa wanaolala midomo wazi.

Lipo pia jambo ambalo sikulisoma popote kabla ya kuanza, nalo ni jinsi dawa na mashine zinavyokutana tumboni. Tirzepatide huchelewesha chakula kutoka tumboni. Mashine, shinikizo likiwa kubwa kuliko linalohitajika, humfanya mtu ameze hewa. Vikiunganika, matokeo ni tumbo kujaa, kucheua na kiungulia saa nane za usiku, hasa katika siku mbili za kwanza baada ya sindano. Kilichonisaidia ni vitu viwili: daktari kushusha kikomo cha juu cha shinikizo, na chakula cha jioni kuliwa mapema na kiwe kidogo. Pilau la harusi linaloletwa saa nne za usiku halipatani kabisa na mpangilio huu. Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu yake, maana futari ikiwa nzito na daku ikaliwa karibu na kulala tena, mashine inakuwa adhabu. Uji, tende na samaki hupita salama, lakini viazi karai vya kukaanga havipiti. Anayefunga azungumze na daktari wake mapema kuhusu kunywa maji ya kutosha usiku, kwa sababu dawa hii inaweza kupunguza kiu pamoja na njaa, na choo kikifunga huchukua siku kufunguka.

Katika kulinda uzito, ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa jaribio la SURMOUNT-4, lililochapishwa Desemba 2023. Washiriki wote walitumia tirzepatide kwa wiki 36 na wakapungua kwa wastani wa karibu asilimia 21 ya uzito wao. Kisha nusu wakaendelea na dawa na nusu wakabadilishiwa sindano bandia bila kujua. Katika mwaka uliofuata, walioendelea walipungua tena kwa asilimia 5 na ushee, na walioachishwa walirudisha asilimia 14. Kwa mgonjwa wa usingizi habari hii ina uzito wa pekee, kwa sababu kilo zinazorudi hazirudi kiunoni peke yake, hurudi na kooni. Hivyo anayeuza mashine yake mtandaoni mara tu baada ya kupungua anaweka dau kwamba hatakosa dawa hata mwezi mmoja kwa miaka yote ijayo, si kwa uhaba, si kwa bima, si kwa kubadilisha kazi. Mimi siweki dau hilo. Kwa upande wa chakula sina jipya la kusema zaidi ya kwamba protini hailetwi na sindano: mayai, maharagwe, kuku na dagaa vikikosekana, sehemu ya uzito unaopungua ni misuli, na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito hayaepukiki.

Uamuzi wa kuacha mashine una njia yake, nayo ni kipimo kipya cha usingizi kinachofanywa bila barakoa, jambo ambalo madaktari wa usingizi hulishauri uzito unapokuwa umebadilika kwa asilimia 10 au zaidi. Changu kilifanyika nyumbani kwa kifaa kidogo chenye mkanda wa kifuani na kibano cha kidole, na AHI ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya 40 hadi 12. Hilo ni daraja jepesi, na daktari aliniachia hiari. Nilibaki na mashine, kwa shinikizo dogo zaidi, kwa sababu shinikizo langu la damu linasomeka vizuri zaidi asubuhi ninapoitumia.

Wanaosafiri kwenda nyumbani wajue kwamba kalamu hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na nje ya friji huvumilia hadi siku 21 mradi joto lisizidi nyuzi 30. Mombasa ya mwezi wa Februari huvuka hapo kabla ya adhuhuri, kwa hiyo mfuko wa baridi si anasa. Mashine haina shida na umeme wa volti 240, unahitaji plagi ya miguu mitatu tu. Umeme ukikatika ndipo betri yake ya pembeni inapoonyesha thamani. Maji ya chombo cha unyevunyevu yanatakiwa yawe yasiyo na chumvichumvi. Vituoni mwa mafuta utaonyeshwa maji ya betri, na hayo usiyaguse, kwani hujui kama chupa ina maji matupu au yaliyotiwa asidi. Bora uzime kitoa unyevu kwa siku hizo. Ndugu watakaokuomba uwaachie kalamu moja uwakatalie kwa upole. Dawa hii ina onyo kuhusu uvimbe wa tezi ya shingo, inaweza kusababisha kongosho kuvimba, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na haichomwi mtu asiyepimwa na daktari.

Gharama ndiyo sehemu chungu. Bila bima wala punguzo, bei rasmi ya kalamu ni zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi, na chupa ndogo ambazo mtengenezaji huziuza moja kwa moja kwa wagonjwa ni nafuu zaidi, ingawa lazima uvute dawa mwenyewe kwa bomba la sindano. Ruhusa ya 2024 ilipotoka, Medicare, yaani bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, ilikuwa hairuhusiwi kisheria kulipia dawa kwa ajili ya kupunguza uzito pekee, lakini tangu hapo mipango yake ya dawa inaweza kuilipia Zepbound kwa ugonjwa wa usingizi. Bima yangu ya kazini ilikubali kwa sababu hiyohiyo, kisha ulipofika wakati wa kuhuisha kibali ikakataa, ikidai kwamba kiwango changu cha BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, sasa kiko chini ya 30 na kwa hiyo sistahili dawa iliyokishusha. Rufaa ilikubaliwa baada ya kliniki kupeleka kipimo cha kwanza cha usingizi, uzito wa siku ya kuanza, na barua inayoeleza kwamba hii ni tiba ya kudumu. Anayeanza leo aombe nakala za karatasi hizo tatu mapema na azihifadhi yeye mwenyewe, kwa sababu maabara ya usingizi iliyonipima mwanzo ilikuwa imekwisha kubadilisha mfumo wake wa kumbukumbu, na kuipata ripoti ya zamani kulichukua muda mrefu kuliko rufaa yenyewe.