RTX 4060 Ti ya GB 16: kadi ya mwenye kazi kuliko mcheza gemu

Mwaka 2023 Nvidia ilitoa kadi ya picha RTX 4060 Ti yenye kumbukumbu ya GB 8 mwezi Mei, kisha ya GB 16 mwezi Julai. Chipu ni ileile, kori 4,352 zilezile, njia ya kumbukumbu ya biti 128 ileile, inayopitisha data GB 288 kwa sekunde. Anayenunua ya GB 16 akitegemea fremu za ziada ataambulia zilezile, mpaka siku GB 8 zitakapojaa.

Na kwenye Blender, programu ya kuunda picha za 3D, hujaa upesi. Picha moja ya rangi ya pikseli 4,096 kwa 4,096 hula MB 64 ikishafunguliwa, hata kama faili lake ni MB 5 tu. Picha 100 za namna hiyo zimeshapita GB 6, na bado hujaweka nyasi wala nywele. Hapo Cycles, injini ya Blender ya kuchora picha ya mwisho, ama inagoma na kulalamika kumbukumbu imekwisha, ama inaazima RAM ya kompyuta na kuanza kujikokota. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, nayo hulemewa ukirundika usafishaji wa chengachenga juu ya video za 4K. Kwa kazi hizi, GB 16 si anasa.

Kwa gemu, 1080p na 1440p inazimudu vizuri. 4K usijidanganye. RTX 3060 Ti iliyotangulia ilikuwa na GB 448 kwa sekunde. Safari hii njia imebanwa na pengo kuzibwa kwa kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya chipu) ya MB 32, ambayo huzidiwa resolusheni ikipanda. Anayecheza tu achukue RTX 4070: GB 12, lakini GB 504 kwa sekunde. RX 7800 XT ya AMD ina GB 16 na ni moto kwenye gemu, ila inakula wati 263, na kwenye Cycles haioni ndani mbele ya OptiX, teknolojia ya Nvidia ya kuharakisha kazi hiyo.

Kuna kichekesho. Kadi hii hutumia leni 8 tu za PCIe, njia inayoiunganisha na madabodi. Kwenye madabodi ya PCIe 3.0, tuseme B450, hiyo ni takriban GB 8 kwa sekunde. Ile ya GB 8 ikijaa, data yote ya ziada hupita kwenye kichochoro hicho, na gemu hukwamakwama. Kwa hiyo mwenye mashine kuukuu ndiye anayeihitaji zaidi ile ya GB 16.

Kufunga hakuna makuu: wati 165, pawa saplai ya wati 550 inatosha, na matoleo mengi yana soketi moja ya pini 8. Angalia waya tu: wa kadi umegawanyika 6+2, wa prosesa 4+4. Usipoingia, usiulazimishe. Ukitoka AMD, futa draiva za zamani kwanza kwa DDU, programu ya kuzing'oa kabisa.

Panapoliza watu ni Resizable BAR, yaani kumruhusu prosesa aifikie kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo. Ili iwake, CSM (hali ya kuwasha kompyuta kwa mtindo wa zamani) lazima izimwe kwenye BIOS, na Windows iliyo kwenye diski ya MBR, mpangilio wa zamani, haitawaka tena. Igeuze kuwa GPT, mpangilio mpya, kwa mbr2gpt, zana ya Windows yenyewe, kabla hujagusa BIOS, na nakala ya kazi zako iwe pembeni. Ukishamaliza, gemu ikikupa fremu 15, chungulia nyuma ya kompyuta: mara nyingi kebo ya skrini imechomekwa kwenye madabodi badala ya kadi.