Chati ya Gantt na CPM kwenye saiti: naipa nyota nne

Jamani kila siku naambiwa hizi njia za zamani za kupanga mradi zimepitwa na wakati, eti tuhamie ajaili (agile, yaani kupanga kidogo kidogo huku kazi inaendelea) kama watu wa programu za kompyuta. Mi nimezitumia saiti miaka sasa, na kwa ujenzi nasema bado zina kazi kubwa sana.

Chukua zege tu. Ukimwaga slabu leo inabidi uimwagilie maji angalau siku 7, nguvu yake kamili inapimwa siku ya 28, huwezi kung'oa mirunda kesho kisa mwenye mradi ana haraka. Programu ikikosewa unairekebisha usiku huohuo, nguzo iliyokaa vibaya ni kuvunja. Ndo maana kukaa chini na kupanga kila kitu kabla ya koleo la kwanza kunalipa.

Chati ya Gantt ni ya miaka ya 1910 huko na ni mistari tu, kila kazi na mstari wake unaoonyesha inaanza lini na kuisha lini, lakini ibandike ukutani uone, hata fundi asiyesoma michoro anajua wiki ijayo ni zamu yake. Ila ninayoipenda zaidi ni CPM (Critical Path Method, njia ya kutafuta mlolongo wa kazi zinazoamua mradi uishe lini), ile iliyoanzia kampuni ya DuPont ya Marekani 1957, kwa sababu inakuonyesha kazi ipi ikichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja, na ipi unaweza kuivutavuta bila madhara.

Sasa ubaya wake. Saiti moja niliandika "slabu, wiki ya 9", mstari mmoja basi. Siku ya kumwaga mixa inazunguka, nondo za chini na za juu zimeshafungwa zote, ndo fundi umeme anaingia na mabomba yake ya kupitishia nyaya begani. Tukasimamisha kila kitu, tukaanza kufungua waya za nondo moja moja ili mabomba yapite, nusu siku ikaenda na vibarua wamekaa kivulini. Iliniuma kwa sababu kosa lilikuwa langu. Tangu hapo naandika boksi (mbao za kushikilia zege), nondo za chini, mabomba, nondo za juu, ukaguzi, zege, kila moja na mstari wake na mtu wake.

Nyota moja naikata kwa sababu ratiba hizi zinazeeka haraka mno, mvua siku mbili tu, au saruji ichelewe, tayari ukutani imeandikwa plasta na nyie bado mnapanga tofali. Halafu nyingi zinatengenezwa na mtu wa ofisini bila kuuliza fundi, fundi nondo angekwambia siku nne we umeandika mbili, unategemea nini hapo?

Kwa hiyo siku hizi kila Jumatatu asubuhi nakaa na mafundi wote dakika 20 mbele ya hiyo chati, kila mtu anasema mwenyewe atamaliza nini wiki hiyo na nini kinamkwamisha, narekebisha mistari kwa kalamu nyekundu palepale, ndo kazi inaanza.