Kijiboti cha kupimia mto: katikati sina neno, ukingoni nimechoka

Naandika nikiwa bado nimefura. Si kwamba kijiboti chenyewe, kile kifaa cha sauti tunachokivuta kwa kamba kuvuka mto ili kujua maji kiasi gani yanapita kila sekunde, ni kibovu, ingawa wiki mbili tatu zilizopita ningeapa ni kibovu. Kilichoniudhi ni sentensi moja niliyoambiwa kwenye simu na mtaalamu wa hao waliotuuzia: "Ukingoni usijisumbue, programu inajaza yenyewe."

Inajaza kwa kitu gani hasa?

Katikati ya mto sina neno. Kinapiga sauti majini, mwangwi unarudi kutoka kwenye chembe za udongo zinazosafiri na maji, kasi ya maji unaipata papo hapo. Shida ni pembeni. Maji yakiwa ya magotini, mwangwi wa karibu na kifaa haufai, wa karibu na sakafu ya mto nao umechafuka, hapo kati hapabaki kitu. Penye ukuta wima, usipokaa mbali angalau sawa na kina cha maji, sauti inaugonga ukuta. Kwa hiyo kipande kile cha mwisho hakipimwi, kinakadiriwa: kasi ya pale uliposimama, mara kina, mara umbali hadi ukingoni, mara namba ya umbo la ukingo. Mteremko ni 0.3535, ukuta wima ni 0.91.

Sasa mfereji wetu una kuta za zege pande zote mbili, na programu ilikuja imewekwa mteremko. Nikaiacha hivyo, si "inajaza yenyewe"? Tukavuka mara nne, kwenda na kurudi, majibu yakalingana vizuri mpaka nikamwambia mwenzangu akunje kamba. Kumbe ni kosa lile lile mara nne. Kina mita 1.2, kasi mita 0.4 kwa sekunde, umbali hadi ukutani mita 2: kwa mteremko unapata mita za ujazo 0.34 kwa sekunde, kwa ukuta 0.87. Ukuta mmoja umemeza zaidi ya nusu mita ya ujazo, na kuta ni mbili! Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa kazini, tena mbele ya wakubwa, kwa kipimo chake cha pangaboi, kile kinachozungushwa na maji, kilichochubuka rangi.

Nikapiga simu tena. Yule bwana akacheka. "Kaka, hayo ni maji kidogo tu, nani anahesabu maji ya pembeni?"

Mimi nahesabu! Ndiyo kazi ninayolipwa.

Haki isemwe lakini. Nilipochagua ukuta, nikapima umbali kwa futikamba badala ya kukisia kwa macho, nikakituliza kijiboti pale pale mpaka vipimo kumi vikaingia kila upande, majibu yalikaribiana na ya mzee kiasi cha kunizidishia hasira. Kifaa ni kizuri. Kinunueni. Au subirini kwanza, maana juzi tulikuwa mtoni kwenyewe, ukingo una majani na maji yanazunguka kurudi yalikotoka, nikasimama nimeshika kamba sijui hata nichague umbo gani. Simu ilikuwa mfukoni, sikuigusa. Mzee akanitazama, akavua viatu, akaingia majini na pangaboi lake.